Uzi maalumu kwa wenye droni mpya Dodoma: kitufe cha kurudi nyumbani hakijui upepo wetu

Zabibu Kavu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Haipiti wiki sijapata ujumbe wa aina hii: "Kaka, shemeji kaniletea droni, nianzie wapi?" Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, naweka hapa mara moja. Mimi kazi yangu ni picha za harusi na za mashamba, hapahapa Dodoma. Si rubani wa kusomea. Nimejifunza kwa kuharibu, na naanza na aibu yangu ili mjue mnayemsoma ni nani.

Ilikuwa Agosti, shamba la zabibu kule Mpunguzi, njia ya Iringa. Mzee mwenye shamba alitaka picha ya shamba zima kutoka juu kabla hawajaanza kuvuna. Droni yenyewe ni hizi ndogo za chini ya gramu 250, ilikuwa na siku ya tatu mkononi mwangu. Muda, saa 8 mchana. Pale tuliposimama upepo ulikuwa wa kawaida tu, ule wa kukufanya ushike kofia. Nikaipandisha mita 80, nikaielekeza magharibi. Ikaenda kama imetumwa: mita 10 kwa sekunde, dakika moja tu iko mita 600. Nikapiga picha, nikazunguka, nikajisahau. Betri asilimia 52, nikasema basi turudi.

Nikasukuma stiki ya rimoti mpaka mwisho. Skrini inasoma mita 3 kwa sekunde.

Pigeni hesabu wenyewe. Kwenda dakika moja, kurudi zaidi ya dakika tatu, na wakati wa kurudi droni imeinamisha pua ikipambana na upepo, betri inaisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Imefika kama mita 520 nikaingiwa na hofu, nikabonyeza kile kitufe chenye alama ya nyumba. Nilijua sasa nimepona. Ikaacha kuja, ikaanza KUPANDA. Urefu wa kurudi nyumbani nilikuwa nimeuacha kama ulivyokuja, mita 100, na huko juu upepo ni mkali kuliko huku chini. Spidi ikasoma 1, ikasoma 0, halafu umbali ukaanza kuongezeka: 520, 524, 531.

Mzee akaniuliza, "Mbona kama inakwenda kinyumenyume?"
Nikamwambia, "Inageuza, mzee."

Nikafuta ile amri, nikaishusha mpaka mita 25. Hapo ikaanza kutambaa kuja, lakini asilimia 12 ikatangaza kwamba inatua yenyewe nitake nisitake. Nikaielekeza kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Mita za mwisho picha ikakatika, maana kati yangu na yenyewe kulikuwa na mibuyu. Tukatembea kwa miguu, simu mkononi, tunafuata alama ya mwisho kwenye ramani. Tulipofika tukakuta watoto watatu wa mbuzi, nina maana wanaochunga mbuzi, na droni yangu haionekani. Kuna tenga limefunikwa chini na jiwe juu yake. Ndani ya tenga ndimo ilimo, kama kuku anayefugwa.

"Tumeifunika isiruke tena," mdogo wao akaniambia.

Propela moja imevunjika, kamera imejaa vumbi, soda tatu zimetoka. Nafuu kabisa.

Kwa hiyo uzi huu nauanzisha kwa jambo moja. Dodoma inadanganya. Ukitazama unaona tambarare, uwazi, miti ya kuhesabika, unasema hapa ndipo pa kujifunzia. Lakini ule uwazi ndio unaopitisha upepo bila kizuizi, hasa Juni mpaka Oktoba, na unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Droni mpya inakuja na akili nyingi, na mwenye nayo anaamini kile kitufe kitamwokoa popote. Kitufe hakipimi upepo kikakuonea huruma. Kinafanya kitu kimoja: kupanda mpaka urefu ulioandikwa, kunyoosha mstari kwenda pale droni ilipokumbuka kuwa ni nyumbani, na kushuka. Ukiwa hujui umeandika urefu gani na nyumbani ni wapi, hujui umebonyeza nini.

Sheria yangu tangu siku ile: naanza kwa kwenda KINYUME na upepo, ili kurudi kuwe ndiko kwa mteremko. Na betri ikifika asilimia 40 siku ya upepo, pua imeshageuka.

Karibuni, ulizeni, nikosoeni.

Kijana wa Nzuguni

Mkuu umenichekesha na tenga. Swali: nikiweka urefu wa kurudi mdogo kuukimbia upepo, si itakuja kugonga mnara wa simu?

Zabibu Kavu

Swali zuri sana, ndiyo maana hakuna namba moja ya kukupa. Unaipanga kila eneo unalofika. Simama, geuka duara zima, tafuta kitu kirefu kuliko vyote: mnara, jengo, kilima. Ongeza mita 15 hivi juu yake, andika hiyo. Shambani Mpunguzi kitu kirefu kilikuwa mbuyu, mita 40 zingenitosha kabisa. Mjini karibu na minara, 40 ni kujitafutia msiba.

Na usiseme "yangu ina macho, itakwepa". Macho ya droni huona ukuta na mti wenye majani. Waya mwembamba wa umeme hayauoni, tawi kavu la mti wa kiangazi hayalioni vizuri, na ukiweka mwendo wa S (Sport, ule wa kasi) kwa nyingi ya hizi droni yanazimwa kabisa. Ule mwendo wa S unasaidia kweli kupambana na upepo, nami siku ile niliusahau kwa hofu, ila ukiutumia jua kwamba unatembea kipofu.

Mvuvi Hobelahobela

Nyumbani ni wapi, eeh? Ngoja niwape ya kwangu. Bwawa la Hombolo, mimi na rafiki tumepanda mtumbwi wa jamaa mmoja tupige picha za machweo. Nikairusha kutoka kwenye mtumbwi. Imekaa juu dakika kama kumi na mbili, sisi huku mtumbwi unasogea taratibu na upepo, hatuna habari. Nikabonyeza kurudi. Ikarudi vizuri kabisa, kwa adabu, ikaanza kushuka PALE TULIPOKUWA. Maji matupu. Nikapiga kelele kama mtu anayeita mtoto aliyeko barabarani. Nashukuru nilikumbuka kusukuma stiki ya kupanda, nikaichukua kwa mkono. Vidole vina alama mpaka leo.

Zabibu Kavu

Hahaha, mzee wa Hombolo, hii ilikuwa inastahili uzi wake. Wageni zingatieni: nyumbani ni pale ilipopata satelaiti za kutosha wakati wa kupaa. Ukiharakisha kupaa kabla haijazipata, inaweza kuandika nyumbani baadaye ikiwa tayari iko angani, sehemu nyingine. Subiri ile sauti ya kukwambia nyumbani pameandikwa, kisha fungua ramani uone ile alama ya H iko mguuni kwako kweli. Ni sekunde 40. Na juu ya maji kuna jambo la pili: kamera ya chini ndiyo inayoisaidia kukaa imara na kupima kimo karibu na ardhi, na maji yanayometameta yanaichanganya. Usiipitishe mita moja juu ya maji ili upate picha tamu.

Mama Mapambo

Habari zenu jamani. Mimi napamba kumbi, na kila sherehe siku hizi MC anataka droni ipite juu ya bwana na bibi harusi wakiingia. Juzi imepita juu ya keki ikapeperusha kitambaa chote. Hivi hiyo ni salama?

Zabibu Kavu

Dada yangu, si salama, na mimi kazi hiyo naikataa ingawa inalipa. Ndani ya ukumbi hakuna satelaiti, bati na nondo zinavuruga dira, na propela zinazunguka mara maelfu kwa dakika. Ikizima juu ya kichwa cha mtu, imezima. Ninachofanya: napiga ukumbi kutoka nje mapema, msafara wa magari nikiwa pembeni ya barabara na si juu yake, na maharusi nawatoa sehemu ya wazi wawili tu, wageni wakiwa nyuma yangu. Picha inatoka nzuri kuliko hiyo ya kupeperusha kitambaa. Bibi harusi mwenye shela ndefu msimsogelee kabisa, nawaomba.

Bwana Mashaka

Mnazunguka sana. Kibali je? Maana naona vijana wengi wanarusha tu na hakuna anayewauliza.

Zabibu Kavu

Nilijua utafika hapa. Wanaorusha bila kuulizwa wapo, na walioulizwa pia wapo, hawa wa pili hawaji kusimulia huku.

Tanzania msimamizi wa anga ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuna kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018. Upande wa pili ni Wizara ya Ulinzi, nao wana neno lao kwenye kuingiza na kumiliki. Kwa hiyo kama droni bado iko njiani kutoka nje, shughulikia makaratasi kabla haijafika forodhani, usisubiri ikwame. Utaratibu na ada waulize TCAA wenyewe, usiulize jukwaani, maana huku kila mtu ana bei yake. Droni ya gramu 249 isikudanganye kwamba ni mwanasesere. Hiyo namba ya 250 watu wameichukua kwenye sheria za nchi nyingine.

Halafu mkumbuke tunaishi mji gani. Hapa kuna Bunge, kuna Mji wa Serikali Mtumba, kuna Ikulu Chamwino, kuna kambi. Hizo hata usitoe droni kwenye begi. Uwanja wa ndege nao hauko porini, uko katikati ya mji, ndege za abiria na za viongozi zinashuka juu ya mapaa yetu. Anayekaa Area C au Area D akirusha kutoka uani kwake "mita 60 tu" yuko kwenye njia ya ndege. Msalato, kwenye uwanja mpya wa ndege, vilevile. Urefu wa kutovuka ni mita 120 kutoka ardhini, yaani futi 400.

Babu wa Mvumi

Niongezee, wanangu. Mkienda kijijini, pitieni kwa mtendaji au mwenyekiti kwanza. Mwaka fulani vijana walikuja kwetu na hicho kidubwana bila kuaga. Ng'ombe walikurupuka wakavunja zizi, na kina mama waliokuwa wanaoga mtoni wakadhani wanapigwa picha. Walitoka wakikimbia hao vijana.

Zabibu Kavu

Shikamoo babu. Umesema kweli tupu. Na siku hizi suala la picha za watu lina sheria yake, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ila hata isingekuwepo, ua wa mtu ni ua wa mtu.

Fundi Volti

Naona hamjagusa betri, na huko ndiko ninakokula. Zinazoletwa kwangu zimevimba kama maandazi, na sababu ni zilezile.

Seli moja ya betri hizi ikijaa huwa volti 4.2, nyingine mpaka 4.4. Ukiijaza leo halafu ukaiweka kabatini mwezi mzima ikiwa imejaa, unaichosha bila kuitumia. Ukiimaliza kabisa ukaiacha hivyo, inashuka chini ya volti 3, na hapo imekufa au iko njiani. Ya kukaa muda mrefu iache nusu, asilimia 50 au 60. Zile za kisasa zinajipunguza zenyewe baada ya siku kadhaa, lakini usizitegemee.

Kubwa kwetu ni joto. Mtu amerusha saa 7 mchana, betri imetoka ya moto haishikiki, anaichomeka palepale kwenye chaja ya gari. Au ameacha begi kwenye dashibodi Jamatini ameingia kula. Ngoja ipoe mpaka uishike kama kikombe cha chai iliyopoa. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia. Ikivimba hata kidogo, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiipeleke angani hata mara moja "ya kumalizia". Na ukipanda ndege, betri zinakaa kwenye begi la mkononi, ncha zimefunikwa kwa selotepu, si kwenye mzigo wa chini.

Kijana wa Nzuguni

Ya maandazi nimeielewa haraka sana.

Mtu wa Bahi

Mwewe! Hamjasema mwewe. Kwetu wakati wa mpunga ndege ni wengi, mwewe akaiona yangu akaifuata kama kifaranga.

Zabibu Kavu

Akikujia, ipandishe juu moja kwa moja, usikimbilie chini. Mwewe ni bingwa wa kushuka, kupanda wima haraka hakuwezi hivyo. Ukiona wawili wanazunguka mahali, subiri au hama. Huenda wana kiota.

Kiroba Kimoja

Nilisoma mahali kwamba usipae kwenye vumbi, nikatandika kiroba cha mbolea. Kikanyonywa na propela, droni ikapiga sarakasi kabla haijafika hata goti. Tahadhari imeniponza.

Zabibu Kavu

Pole mkuu, ila nimecheka. Vumbi letu jekundu ni adui kweli, linaingia kwenye mota na kwenye kile kishikio cha kamera kinachochezacheza. Tafuta kipande cha plaiwudi, au zulia la gari la mpira lile zito. Kitu chepesi lazima kiwe na mawe pembe zote nne. Na ukiona chamchela inazunguka kwa mbali, hasa Septemba na Oktoba mchana, shusha. Usiipige picha kwa kuikaribia. Najua unataka.

Mgeni wa Anga

Wakuu, mimi ndiye mwenye droni mpya, bado iko kwenye boksi. Kibali ninacho mkononi. Nisaidieni kesho nifanye nini, hatua kwa hatua, maana nimeogopa sasa.

Zabibu Kavu

Usiogope, kuogopa kidogo kunatosha. Leo usiku, nyumbani: chaji betri zote na rimoti na simu. Weka bando, washa droni sebuleni BILA propela kuzunguka, ifungulie akaunti na uipe masasisho yote, maana ukisubiri kesho uwanjani mtandao utakuaibisha. Weka memori kadi, piga picha moja uone kama inaandika. Toa kile kifuniko cha plastiki cha kamera. Utacheka, lakini nimeona mtu ameirusha nacho, kamera ikawa inahangaika kama imefungwa pingu.

Kesho toka saa 12 na nusu asubuhi. Asubuhi upepo bado umelala, kufika saa 3 au saa 4 unaanza kuamka. Tafuta uwanja wa mpira wa nje ya mji, wa vumbi, usio na mtu na usio na nyaya upande wowote. Kaa mbali na paa la bati na usiiweke juu ya boneti ya gari, chuma kinaivuruga dira. Kabla ya kuwasha pitisha kidole kwenye kila propela. Ikiwa na kovu kwenye ukingo, badilisha, usipime kwa jicho la huruma. Subiri satelaiti, angalia H, andika urefu wa kurudi.

Ipandishe mita 2 au 3, iache. Usiguse chochote dakika nzima. Isikilize. Sauti ya kawaida ni moja, imenyooka. Ikikwaruza au ikiyumba kama mlevi, shusha. Halafu mkia ukuelekee wewe, mbele, nyuma, kushoto, kulia, ndani ya mita 30. Fanya mpaka vidole vichoke kufikiri.

Kazi inakuja ukiigeuza pua ikutazame. Sasa kushoto kwako ni kulia kwake. Hapa ndipo droni nyingi za wageni zinapoingia kwenye miti, mtu anataka kuikwepesha anaisukuma hukohuko. Ukichanganyikiwa, dawa ni kuachia stiki zote mbili. Itasimama hewani yenyewe ikusubiri. Hiyo tu. Betri nzima ya kwanza itumie kwa mambo haya mawili, usiende mbali kuliko unavyoiona kwa macho yako, si kwa skrini.

Mwisho kabisa, ukiwa na asilimia 50 na imesimama kama mita 50 mbele yako, kibonyeze kile kitufe. Kwa makusudi. Uone inavyopanda, inavyokuja, inavyoshuka. Kisha ukifute katikati, uishushe mwenyewe. Kijue ukiwa umetulia, usikutane nacho siku ya hofu kama mimi.

Mvuvi Hobelahobela

Na usipande mtumbwi.

Mgeni wa Anga

Mrejesho, wakuu. Nimeenda saa 12 na nusu, uwanja wa shule, mlinzi nimemuaga, kaka yangu mdogo alikuja kunishikia zulia la gari. Betri mbili zimeisha, sijavuka mita 40. Kugeuza pua imenitoa jasho, nimeachia stiki kama mara sita. Kitufe nimekibonyeza: kilipanda mpaka 35 nilizoandika, kikaja, kikatua hatua mbili kutoka kwenye zulia. Saa 3 vumbi lilianza kutimka nikafunga begi.

Mke wangu kaomba kuona picha. Nimegundua nimepiga moja tu asubuhi nzima, na ni ya kipara changu.